UTOTO WA WAZAZI WETU: NANI ALIPAKUA?

Kaa na watu wazima waliovuka miaka hamsini, iwe kwenye msiba, harusini au barazani tu jioni, na hutachukua muda kuwasikia wakisema, "Enzi zetu bwana, maisha yalikuwa matamu!" Watakueleza walivyokula sinia moja watoto kumi, walivyolala mkeka mmoja, na jinsi jirani alivyoweza kukuchapa halafu baba yako akamshukuru. Kisha watatutazama sisi vijana kwa huruma, kana kwamba tumezaliwa sherehe ikiwa imekwisha.

Mimi sipendi kuwabishia wazee. Lakini sisi tunaotaka kuandika hadithi tuna wajibu wa kuuliza swali moja: huo utamu ulitoka wapi, na ulilipiwa na nani? Hapa nazungumzia Tanzania Bara, tangu Azimio la Arusha la Februari 1967 hadi Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985. Ndiyo miaka ambayo wengi wa wazazi wetu walikuwa watoto.

Tuanze na redio. Televisheni Bara haikuwapo hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, lakini kwa mtoto wa Dodoma au Songea hiyo ilikuwa habari ya ng'ambo. Kilichokuwapo ni Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na mara nyingi redio yenyewe ilikuwa moja kwa nyumba kadhaa. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma ikawekwa juu kabisa, mtoto asiifikie. Betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo, maana nyingine hazikupatikana dukani. Saa mbili usiku ilikuwa taarifa ya habari, na hapo hata mbwa walikatazwa kubweka! Watoto walikuwa na "Mama na Mwana", na wakubwa kwa wadogo wakicheka pamoja vituko vya "Pwagu na Pwaguzi". Matangazo ya vifo nayo yalisikilizwa kwa makini sana, kwa sababu simu haikuwapo na barua ilichukua wiki.

Redio hiyo ilikuwa mwalimu pia. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 "Chakula ni Uhai". Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba choo. Familia hazikukaa pamoja kwa sababu tu zilipendana kuliko za leo. Sauti ilikuwa moja, na ukitaka kuisikia ni lazima ukae karibu na mwenzako.

Hali kadhalika ule ujirani tunaosimuliwa. Wengi wa majirani wale walikutanishwa kwa amri. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini si jambo la hiari tena, ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia. Ndiyo Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa. Wako waliokwenda kwa kupenda, wakitumaini shule, zahanati na maji. Wako pia waliopakiwa kwenye malori na vyombo vyao, na sehemu nyingine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili mtu asirudi. Nyuma walibakiza mashamba, miembe na makaburi ya wazee wao. Euphrase Kezilahabi ameyaandika mambo hayo katika riwaya yake ya "Gamba la Nyoka" iliyotoka mwaka 1979, na kijana anayetaka kujua maumivu ya kuhamishwa aitafute.

Basi fikiri. Unatelemshwa mahali usipopajua, humfahamu mtu, mvua zinakaribia, na jirani yako naye katelemshwa jana. Utafanya nini kama si kumwomba moto, naye akuombe chumvi? Mtoto aliyekua hapo aliona shangazi na wajomba kila upande. Hakujua kuwa miaka miwili nyuma watu hao walikuwa wageni wasiojuana hata majina.

Halafu ikaja dhiki yenyewe. Ukame wa 1973 na 1974 ulileta njaa, na bei ya mafuta ikapanda duniani. Mwaka 1976 ilikuwa Operesheni Maduka: maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa, pakawekwa ya ushirika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita ile tulishinda, Kampala ilitekwa Aprili 1979, lakini hazina ilibaki tupu. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki palepale.

Sukari, sabuni, mafuta ya taa, khanga, vyote vikawa vya kugawiwa. Balozi wa nyumba kumi aliandikisha kaya, na kila kaya ikapata kipimo chake, kama mzigo umefika. Watu waliwahi foleni usiku wa manane, wengine wakaweka jiwe au kikapu kushika nafasi. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Viatu vilikuwa katambuga, vilivyokatwa kutoka matairi ya gari, na aliyekuwa navyo si haba. Unga wa mahindi ya njano uliotoka Marekani watu waliubatiza "unga wa Yanga", kwa rangi za ile timu. Hata mashabiki wa Simba waliula, maana njaa haina timu! Machi 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walitupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukamatwa nazo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mzazi wangu mmoja, aliyekuwa mtoto wa miaka minane wakati ule, anausimulia unga wa Yanga kwa kicheko mpaka machozi yanamtoka. Bibi akiwapo huwa hacheki. Siku moja nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwa ufupi, "Mjukuu wangu, wao walikuwa wanakula. Mimi nilikuwa nautafuta."

Jibu hilo limenifundisha kuliko vitabu vingi. Kumbukumbu tamu za utoto ni za yule aliyepakuliwa. Aliyepakua ana kumbukumbu zake, na mara nyingi hakuna anayemwuliza. Mtoto anakumbuka sinia moja na vicheko vya ndugu zake. Mama anakumbuka kwamba lilikuwa moja kwa sababu chakula cha kujaza mawili hakikuwapo, na kwamba yeye alijilaza na chai ya rangi isiyo na sukari akisema ameshiba. Mtoto anakumbuka mwanga wa kibatari na hadithi za sungura na fisi. Mama anakumbuka alivyopima mafuta kwa jicho, akajua hadithi ikizidi mbili kesho watakaa giza.

Je, ina maana wazee wanatudanganya? La hasha! Utamu ulikuwapo kweli. Mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza, na watoto wa maskini wakakaa dawati moja na watoto wa wakubwa, ingawa dawati lenyewe mara nyingine lilikuwa tofali. Jembe shuleni walilibeba wote. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na ule undugu wa kuazimana chumvi haukuwa wa uongo kwa sababu tu ulizaliwa na shida. Ninachokataa ni kuusifu undugu huku tukiificha shida iliyouzaa na akina mama walioibeba.

Tena wazee wetu husahau kuwa mambo hayakukatika siku moja. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, mwaka uliofuata akaja Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, na sabuni ikarudi dukani, mitumba ikajaa sokoni. Wako waliosema huo ndio mwisho wa utu. Lakini televisheni zilipoingia miaka ya tisini, mtaa mzima ulijazana sebuleni kwa mwenye nayo, watoto wakaning'inia madirishani, kama wazazi wao walivyoizunguka redio. Mkusanyiko ulianza kupungua pale kila nyumba ilipopata yake, na leo kila mtu ana simu mkononi. Hatukuwa wabaya kuliko wao. Tumepunguza tu kuhitajiana, na asiyemhitaji jirani inambidi amtembelee kwa kukusudia.

Ndiyo maana nawaomba vijana wenzangu wenye kalamu: tusiandike utoto wa wazazi wetu kama wimbo wa sifa, wala tusiudharau kama hadithi ya mafukara. Twende kwa bibi zetu wangali hai. Tusiwaulize tu, "Zamani kulikuwaje?" kwa sababu watajibu, "Kulikuwa kuzuri." Tuwaulize foleni ilianza saa ngapi, nani alibaki na mtoto mchanga, nguo ya Idi au Krismasi ilipatikana kwa kuuza nini, na usiku ule wa kuhamishwa walibeba kitu gani kwanza. Majibu hayo hayamo kwenye hotuba wala magazeti ya wakati ule. Wako nayo wao, nao wanazidi kupungua kila mwaka.