Zebaki na Lugha ya Mialoni: Kemia Katika Machimbo ya Geita na Shinyanga

Historia ya istilahi za sayansi katika Kiswahili husimuliwa, kwa kawaida, kwa kufuata kamati, taasisi na kamusi. Masimulizi hayo yana msingi. Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1965, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, kamusi hiyo ilitolewa katika nchi ambayo shule zake za sekondari zilifundisha kemia kwa Kiingereza, kwani pendekezo la Tume ya Makweta la mwaka 1982, la kutumia Kiswahili katika ngazi hiyo, halikutekelezwa. Istilahi zilikuwapo, lakini darasa la kuzitumia halikuwapo. Haja ya kueleza kemia kwa Kiswahili ilijitokeza kwa nguvu mahali pengine, yaani katika machimbo ya dhahabu yaliyo kusini mwa Ziwa Victoria.

Mgodi wa Geita wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966. Katika miongo iliyofuata, wachimbaji wadogo waliongezeka katika maeneo kama Rwamagasa, wilayani Geita, na Kahama, mkoani Shinyanga. Wenyeji wengi walizungumza Kisukuma, lakini wageni walitoka pande zote za nchi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Humo yalistawi maneno ambayo hayakupitia kikao chochote cha usanifishaji. Duara, ambalo mwanafunzi wa hisabati hulijua kama umbo, lilikuwa shimo la kuchimbia. Karasha, kutoka Kiingereza, ilikuwa mashine ya kusaga mawe. Mwalo ulikuwa mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu, na marudio yalikuwa mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa.

Neno zebaki, lenye asili ya Kiarabu, ndilo lililoyakutanisha machimbo na maabara. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu zilizomo mchangani na kufanya aloi laini. Aloi hiyo hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa motoni. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, hivyo hupaa na kuiacha dhahabu. Kazi hiyo mara nyingi imefanyika juu ya moto wa wazi, pengine hata nyumbani, karibu na watoto.

Mwaka 1996 Justinian Ikingura, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Hirokatsu Akagi wa Japani walichapisha uchunguzi wao kuhusu zebaki katika samaki na katika watu wa ukanda huo. Kwa jumla samaki walionekana kuwa na zebaki kidogo. Mwaka 1999 uchunguzi ulioongozwa na Masazumi Harada ulionyesha kuwa baadhi ya viwango vikubwa kwenye nywele vilihusiana na sabuni zenye zebaki za kung'arisha ngozi. Matokeo hayo hayakumwondolea mchimbaji hatari. Yaliifanya iwe muhimu kutofautisha zebaki ya ziwani, zebaki ya sabuni na zebaki inayovutwa kwa pumzi penye moto.

Kuyaeleza hayo kulikuwa pia kazi ya lugha. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliendesha Mradi wa Zebaki Duniani katika nchi sita, na Rwamagasa ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi. Mafunzo ya aina hiyo hukabiliwa na maneno yaliyokwisha kuwa na maana zao. Kwa msemaji wa kawaida, sumu ni kitu kiuacho upesi, ilhali zebaki huweza kumdhuru mtu kwa miaka kabla mikono haijaanza kutetemeka. Moshi ni kitu kionekanacho, ilhali mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mchimbaji aliyeambiwa ajiepushe na "moshi wenye sumu" angeweza kuondoka salama na kuni, akabaki hatarini na zebaki. Retorti, chombo kilichofunikwa chenye bomba la kupozea mvuke ili zebaki irudi kuwa kimiminika, hueleweka kwa urahisi zaidi kwa kutaja faida ambayo mchimbaji anaijua: zebaki aliyoinunua haipotei hewani.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, miaka 7 baada ya mkataba huo kupitishwa. Utekelezaji wake hauwezi kutegemea maabara na sheria pekee. Kamusi ya mwaka 1990 ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba kemia. Uzoefu wa Geita na Kahama unaonyesha jambo la pili, kwamba mwanaistilahi anapaswa kuanza kwa kusikiliza maana ambazo watumiaji wa lugha wanazo tayari. Pale ambapo mvuke unaitwa moshi, kosa la msamiati linaweza kuingia mapafuni mwa mtoto.