Frere Town: Waliolelewa na Kengele

Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, mtu alijulikana kwa ukoo. Mwungwana alizaliwa huru, akawa na mji, mtaa na nasaba ya kutaja. Mtumwa alikuwa mtu aliyekatwa na kwao, na hata jina aliloitwa aghalabu alipewa na bwana wake. Kwa hiyo historia ya Frere Town, kijiji cha Kisauni kinachotazamana na kisiwa cha Mombasa, ni historia ya watu waliolazimika kujijua upya.

Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani wa Unguja ulifunga soko la watumwa la Unguja. Manowari za Waingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyobeba watumwa, na waliookolewa walihitaji mahali pa kushushwa. Misheni ya Kianglikana ya CMS (Church Missionary Society), chini ya William Salter Price, ikaanzisha kijiji hicho na kukipa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa Unguja kuutafuta mkataba huo. Kuanzia 1875 wakaletwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, na wengi walikuwa watoto.

Baadhi ya walezi wao walikuwa wamepita njia hiyohiyo. George David, William Jones na Ishmael Semler walitekwa wakiwa wadogo, wakaokolewa na kupelekwa India, wakalelewa Sharanpur karibu na Nasik, kisha wakaja Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1864. Jones na Semler walipewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo Jones alifuatana na Askofu Hannington safari ya Uganda, na askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Mtoto wa Frere Town alipomtazama mwalimu kama huyo, aliona kwamba mtu aliyewahi kuuzwa anaweza kuongoza.

Malezi ya kijiji yalikuwa ya misheni: sala, shule, kazi za mikono, majina ya Kizungu. Kengele iliita watu kanisani, na pia iliwatahadharisha yalipoonekana majahazi ya watumwa. Kiswahili kikawa lugha ya wote, maana hapakuwa na lugha ya nyumbani iliyowatosha. Majirani waliwaita Wamisheni, na jina hilo likashika kama jina la kabila.

Lakini wazee hawakuacha kusimulia. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mwalimu aliyekulia Frere Town, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kinachoeleza kutekwa kwa watu wa kizazi cha baba yake, mwendo wa kwenda pwani, jahazi na kuokolewa. Kitabu kinawasifu mno Waingereza, na wasomaji wa baadaye wamekilaumu kwa hilo. Lawama hiyo ni ya haki, ila kitabu chenyewe ni ushahidi: kumbukumbu ni za baba, sauti ni ya shule iliyomlea mwana. Bila kitabu hicho, masimulizi mengi ya wazee hao yangezikwa pamoja nao.

Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kengele bado ipo, na mahali ilipo panaitwa Kengeleni. Katika ukoo wa Mbotela alizaliwa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye kwa miongo mingi aliwauliza Wakenya redioni, kwa jina la kipindi chake: Je, Huu ni Ungwana?