Wimbo wa Mwanzo: Kabla ya Uhura Kulikuwa na Wapagazi wa Ujiji

Kuna ugomvi wa mashabiki ambao hauzeeki. Tarehe 26 Septemba 2001, runinga za Marekani zilianza kuonyesha Enterprise, tamthilia mpya ya ukoo wa Star Trek. Hii haikuendeleza hadithi, ilirudi nyuma. Ilisimulia mambo ya miaka zaidi ya 100 kabla ya Nahodha Kirk, pale binadamu walipoanza kwenda mbali kabisa na dunia yao kwa chombo cha anga. Watu walikuwa na hamu kinoma. Kisha ukapigwa wimbo wa kufungulia, na zogo likaanza hapo hapo.

Tangu 1966, Star Trek ilizoeleka kufunguliwa na muziki wa okestra usioimbwa maneno. Safari hii alisikika Russell Watson, mwimbaji kutoka Uingereza, kwenye wimbo laini wa roki wenye mashairi, kazi ya mtunzi Diane Warren. Mbaya zaidi, wimbo wenyewe haukuwa mpya. Rod Stewart alishauimba kwa ajili ya Patch Adams, filamu ya 1998 ambayo haina uhusiano wowote na anga za juu. Mashabiki walimaindi. Wakakusanya sahihi mtandaoni wakitaka uondolewe. Wengine wakautetea: hii ni hadithi ya binadamu kabla hawajawa mabingwa, acha iwe na wimbo wa binadamu wa kawaida. Msimu wa tatu watayarishaji wakauchangamsha biti, na hata hapo lawama hazikuisha. Tamthilia ikafungwa Mei 2005 baada ya misimu minne na vipande 98. Wimbo bado unagombaniwa hadi leo.

Kwa mtu wa Mwanga au Ujiji hii inaweza kuonekana ni habari ya Wazungu na mambo yao. Lakini ndani yake kuna swali linaloihusu Kigoma moja kwa moja. Safari ikisimuliwa tangu mwanzo, nani anaingizwa kwenye wimbo, na nani anaachwa njiani?

Picha zilizoacha watu nje

Wimbo wa Enterprise haukuja peke yake. Ulipigwa juu ya picha zinazopita haraka: meli ya matanga, ndege, roketi ya kwenda mwezini, kigari kidogo kwenye udongo wa Mars, halafu chombo chenyewe cha hadithi. Ujumbe ulikuwa wazi: hii ndiyo historia ya kusafiri ya binadamu wote.

Wadau wenye macho makali wakaanza kuhesabu. Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kufika anga za juu mwaka 1961, hayumo. Karibu kila kilichoonyeshwa kilitoka upande mmoja wa dunia. Kumbe hasira haikuwa ya gitaa na sauti tu. Hadithi ya mwanzo ni kama orodha ya ukoo, na mtu asipojiona kwenye orodha ya ukoo hanyamazi.

Mambo ya kuachana kwenye orodha yalikuwepo hata kwenye ule muziki wa zamani ambao mashabiki waliulilia. Aliyeutunga ni Alexander Courage. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, baadaye akauandikia mashairi. Mashairi hayo hayakuwahi kuimbwa kwenye tamthilia, ila yalitosha kumpa Roddenberry nusu ya mapato ya wimbo, kwa sababu mkataba uliruhusu. Courage hakufurahi, na nani angefurahi? Maneno ambayo hayakusikika yalilipwa sawasawa na muziki uliosikika dunia nzima.

Neno letu, mtu asiye na jina

Sasa njoo kwenye kipande cha kwanza kabisa cha Star Trek kurushwa hewani, 8 Septemba 1966. Ndani yake yumo afisa wa mawasiliano, Luteni Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, Roddenberry akalipenda neno, likageuzwa kidogo likawa Uhura. Neno hilo lilikuwa la moto wakati ule. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, Kenya Desemba 1963, na Wamarekani weusi walikuwa wakichota maneno ya Kiswahili kujenga utambulisho wao. Sherehe ya Kwanzaa, yenye majina ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, ilianzishwa mwaka huo huo wa 1966.

Kwenye kipande hicho Uhura anakutana na kijana mweusi kwenye korido ya chombo. Kijana anamsemesha Kiswahili, Uhura naye anajibu Kiswahili. Runinga ya Marekani, saa za watu wengi, watu wawili wanaongea lugha ya Afrika bila kuchekwa. Kwa mwaka ule si mchezo.

Tatizo ni kwamba kijana yule si mtu. Ni kiumbe kinachojigeuza sura kwa kuchungulia mawazo ya anayemtazama, na kinachotafuta ni chumvi ya mwilini. Hakina jina la kibinadamu. Kwa hiyo Mswahili wa kwanza kumwamkia Uhura alikuwa kivuli kisicho na jina wala kwao.

Mtu wa Kigoma akisikia habari ya chumvi anaweza kutabasamu. Uvinza, kwenye barabara ya zamani ya kuelekea Ujiji, watu wamechemsha maji ya chemchemi na kutengeneza chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Misafara ya karne ya 19 ilipita hapo, na chumvi hiyo ilibebwa mbali. Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kina hadithi yake ya mwanzo, na imejaa watu wasio na majina.

Chombo chenye miguu

Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika ilikuwa safari ya miguu, zaidi ya kilomita 1,000. Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya 1857 na kuliona ziwa Februari 1858. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, na kwa hesabu ya kitabu chake alikutana na David Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba mwaka huo. Haya ndiyo majina yaliyoingia vitabuni. Pale Ujiji pana mnara na jumba dogo la makumbusho la mkutano huo, penye miembe, na kila mgeni anataka kujua lile swali maarufu la Stanley liliulizwa kwenye mti gani.

Lakini Stanley hakuja na begi mgongoni. Nyuma yake ulikuwepo msururu wa watu wenye vitambaa, shanga, nyaya, risasi, chakula na mahema. Mzigo wa mpagazi mmoja ulifika kilo 30 hivi, kichwani au begani, siku baada ya siku. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi ya malipo. Walijua bei ya jasho lao. Malipo yakichezewa waligoma, na wakichoka kudanganywa waliweka mzigo chini na kutokomea porini usiku. Bila wao, hakuna aliyeligundua chochote.

Na msafara ulikuwa na wimbo wa kufungulia. Mbele kabisa alitembea kirangozi, kiongozi wa njia, amevaa ngozi ya mbega na manyoya kichwani, ameshika bendera nyekundu. Nyuma yake mpiga ngoma. Mmoja anaanzisha, mamia wanaitikia, na hatua zinafuata mapigo. Waliimba kuhusu njaa, nyumbani, pwani na pembe. Waliimba pia kumchana bosi. Burton mwenyewe aliandika kwamba wapagazi wake walimtungia wimbo wa kumwita mbaya, huku wakiahidi kumfuata alimradi chakula kiwepo. Kwa lugha ya leo, jamaa alipigwa dongo kwenye wimbo wa msafara wake mwenyewe, na ikabidi atembee kwa biti hiyo hiyo.

Walipofika Ujiji waliingia kwa shangwe. Msafara wa Stanley ulifyatua bunduki na kuingia mjini na bendera ya Marekani ikiwa mbele. Miaka 95 baadaye Marekani nayo ikaona Kiswahili kikiingia sebuleni mwake kupitia Uhura. Bendera ilikuja huku kwa miguu ya wapagazi, lugha ikaenda kule kwa mawimbi ya runinga.

Njia ile haikuwa na nyimbo tupu. Ujiji lilikuwa soko la pembe za ndovu na soko la watu. Wengi walivushwa ziwa kutoka Manyema wakiwa wamefungwa, na walitembea kwenda pwani bila malipo wala hiari. Kiswahili kilipovuka kwenda Kasongo na Nyangwe, kwenye Kongo ya leo, kilibebwa na wafanyabiashara wenye bunduki, wapagazi wa kulipwa na watumwa, wote kwa pamoja. Ndiyo maana mtu wa Kigoma akivuka leo kwenda Kalemie au Uvira anaelewana na wenyeji kwa lugha moja, ila ladha tofauti. Lugha hiyo ni tamu, lakini ina makovu.

Wapo wachache waliopona kusahaulika. Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Burton, Speke na Stanley, anajulikana. Abdullah Susi na James Chuma wanajulikana kwa sababu waliongoza wenzao kubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo kati ya 1873 na 1874. Ila kwa kila Susi mmoja kuna mamia walioishia kwenye daftari la mizigo kama namba, au kwenye sentensi moja ya kulalamika kwamba "mpagazi mmoja amekimbia". Alikimbia akaenda wapi? Alikuwa na mama? Aliimba sehemu gani ya wimbo? Daftari halisemi.

Uhura apewa kwao

Mei 2022 Star Trek ilirudi tena nyuma kwa tamthilia ya Strange New Worlds, inayosimulia miaka michache kabla ya Kirk kuwa nahodha. Mashabiki wa muziki wakapumua, kwa sababu safari hii wimbo wa kufungulia ni okestra ya Jeff Russo, yenye mwangwi wa ule wa Courage. Lakini zawadi kubwa ilikuwa kwa Uhura. Kijana Celia Rose Gooding akamcheza akiwa mwanafunzi, na kwenye kipande cha pili tu tukaambiwa kwao ni Kenya, wazazi na kaka yake walikufa kwenye ajali, akalelewa na bibi. Halafu yeye na wenzake wakakwama ndani ya nyota-mkia inayosikia muziki, na Uhura akaokoa jahazi kwa kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa asili wa kwao.

Hata jina lake la kwanza, Nyota, lilichelewa. Halikutamkwa kwenye skrini hadi filamu ya 2009, miaka 43 baada ya mhusika kuzaliwa. Nichelle Nichols alifariki Julai 2022, miezi michache baada ya Uhura mdogo kuonekana. Aliondoka mhusika wake akiwa ameshapata jina kamili, bibi, kwao na wimbo.

Hii ndiyo kazi nzuri ya hadithi za mwanzo. Haziongezi vita na milipuko tu. Zinaweza kurudi kwa mtu aliyesimama pembeni na kumuuliza: wewe ulitoka wapi, na kwenu mliimba nini?

Kigoma imeshajaribu kujibu kwa mdomo wake. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo walijikusanya kama Kigoma All Stars wakatoa Leka Dutigite, jina la Kiha, kwa Kiswahili cha mtaani ni kama kusema acha tujidai. Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz na wenzao waliimba pamoja, kila mmoja kwa zamu na jina lake. Hapo nako mabishano hayakukosekana: nani wa Kigoma kweli, nani alizaliwa huko, nani ana bibi tu huko. Ni ubishi ule ule wa 2001, wa nani yumo kwenye orodha ya ukoo.

Wapagazi wao hawakupata nafasi ya kubishania hilo. Waliimba kutoka Bagamoyo, wakaitikia kupita Tabora, wakanunua chumvi Uvinza, wakashuka mteremko wa mwisho na kuliona ziwa. Majina yao hayakuandikwa, lakini lugha waliyoitembeza ndiyo inayosikika asubuhi pale mwaloni Kibirizi, muuza dagaa akibishana bei na mteja aliyevuka kutoka Kongo.