Kilima cha Mavi ya Shaba

Mgeni afikaye Lubumbashi huona bomba refu la moshi, na kando yake kilima cheusi. Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu. Ni mavi ya shaba, maana yake takataka zinazobaki jiwe likiisha kuyeyushwa na shaba kutolewa. Siku hizi wataalamu wanafundisha kwamba takataka zirudishwe kazini, zisitupwe. Sisi watu wa Katanga jambo hilo tunalo mlangoni petu.

Wazee wetu walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu. Shaba waliimimina kwa mfano wa msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Mingi imeonekana katika makaburi ya zamani ya Sanga, kwenye ziwa Kisale. Tena mwenye kuhitaji waya au bangili aliurudisha msalaba motoni, wala hakuna kilichopotea. Mwaka wa 1926 Mgr. de Hemptinne, mkubwa wa misioni ya Wabenedikto, aliandika habari za wafundi hao, akawaita “walaji wa shaba”.

Kisha ikaja Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1911 tanuru lake liliwashwa kando ya mto Lubumbashi, na mavi yakaanza kumwagwa, mwisho mamilioni ya tani. Mwaka wa 1967 Serikali ilitwaa mali ya kampani hiyo, lakini mavi yaliendelea kumwagwa vilevile. Ndani yake mlibaki kobalti, zinki, na shaba kidogo. Tusiwacheke wale wa kwanza: wakati wao kobalti ilikuwa na wanunuzi wachache, na jermaniumu haikuwa na kazi yo yote.

Karibu na mwaka wa 2000 kikajengwa kiwanda cha kukiyeyusha kilima chenyewe kwa tanuru la umeme. Faida yake ni wazi. Jiwe limekwisha kuchimbwa, limekwisha kuletwa mjini. Hakuna shimo jipya, wala shamba la mtu halichukuliwi. Lakini tanuru hilo nalo lina mavi yake. Na juu ya vumbi la madini tusinyamaze: mwaka wa 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo.

Mwezi wa Oktoba 2024 jermaniumu ya kwanza kutoka kilimani ilipelekwa Ubelgiji. Hutumika katika nyuzi za kioo zipitishazo habari, na katika vyombo vya kuona gizani. Mnunuzi ni nani? Ni Umicore, yaani Union Minière ile ile, iliyobadili jina mwaka wa 2001. Aliyemwaga zamani ananunua leo, naye anajua kwa nini. Kilichopelekwa hakikuwa madini safi. Kusafishwa kwake, ambako ndiko kwenye bei kubwa, kulibaki kazi ya Ulaya. Walaji wa shaba walimaliza kazi yao hapa hapa, mpaka waya na bangili.