Alama Zisizoonekana Katika Misimbo Pau ya Dawa: Maana, Uwekaji na Uhakiki

Vifungashio vingi vya dawa hubeba msimbo pau wa miraba midogo myeusi na myeupe uitwao DataMatrix. Ndani yake huhifadhiwa utambulisho wa bidhaa, tarehe ya kuisha muda wa matumizi, namba ya toleo na namba ya mfululizo. Pamoja na taarifa hizo, msimbo huo hubeba alama zisizosomeka kwa macho ambazo huielekeza kompyuta mahali taarifa moja inapokoma na nyingine inapoanza. Alama hizo zikikosekana, lebo huonekana sahihi ilhali kompyuta inasoma taarifa zisizo za kweli.

Alama dhibiti ni nini

Orodha ya herufi za kompyuta ijulikanayo kama ASCII ina nafasi 128. Kati ya hizo, 33 ni alama dhibiti, yaani namba 0 hadi 31 pamoja na 127. Alama hizi haziandiki herufi yoyote, bali hutoa maelekezo. Namba 13, kwa mfano, hurudisha mwandiko mwanzo wa mstari, na namba 29 hutenganisha makundi ya taarifa.

Si kila msimbo pau unaweza kubeba alama hizo. EAN-13, unaoonekana kwenye bidhaa za madukani, hubeba tarakimu 13 pekee. Code 39 huziwakilisha kwa jozi za herufi, ambapo $M husimama badala ya namba 13. Code 128 na DataMatrix huzibeba moja kwa moja.

Kwa nini kitenganishi ni muhimu

Katika utaratibu wa kimataifa wa GS1, kila taarifa hutanguliwa na namba ya utambuzi. Namba 01 hutangulia utambulisho wa bidhaa wenye tarakimu 14, na 17 hutangulia tarehe ya kuisha muda yenye tarakimu sita. Kwa kuwa urefu wa taarifa hizo haubadiliki, hazihitaji kitenganishi. Namba 10 hutangulia namba ya toleo, na 21 namba ya mfululizo. Hizi mbili zinaweza kufikia herufi 20 kila moja, hivyo ikifuatwa na taarifa nyingine, kila moja lazima ifungwe kwa alama iitwayo FNC1. Kisomaji huipeleka alama hiyo kwa kompyuta kama namba 29.

Tuchukue mfano wa dawa ya toleo AB12 itakayoisha muda tarehe 30 Novemba, 2027. Taarifa huandikwa 10AB12, kitenganishi, kisha 17271130. Kitenganishi kikiachwa, kompyuta husoma namba ya toleo kuwa AB1217271130, na tarehe ya kuisha muda hutoweka. Kwa kuwa namba hiyo haijavuka herufi 20, kompyuta huipokea bila kutoa onyo. Dawa za toleo hilo zikitakiwa kuondolewa sokoni, utafutaji wa AB12 hautazipata.

Vyanzo vya makosa

Kosa la kawaida ni kuandika mabano au herufi "FNC1" ndani ya msimbo kana kwamba ni maandishi. Mabano huwekwa kwenye maandishi yaliyo kando ya msimbo tu, kwa ajili ya msomaji. Kila programu ya lebo ina njia yake ya kuingiza alama hiyo. Katika lugha ya ZPL ya printa za Zebra, kwa Code 128, huandikwa >8. Kosa la pili hutokea kisomaji kinapofanya kazi kama kibodi, kwani programu nyingi hutupa namba 29 kwa kutoitambua.

Uhakiki

Mtengenezaji anashauriwa kutanguliza taarifa zenye urefu maalumu na kumalizia na zile zinazobadilika. Kabla ya uchapaji wa wingi, lebo isomwe kwa programu inayoonyesha alama zilizofichika. Kisomaji kilichowekwa kutaja aina ya msimbo kitaanza na ]d2 kwa DataMatrix ya GS1, au ]C1 kwa GS1-128.

Katika Umoja wa Ulaya, DataMatrix imekuwa sharti kwa dawa nyingi zinazotolewa kwa cheti cha daktari tangu tarehe 9 Februari, 2019.

Kwa mwananchi, tarehe na namba ya toleo vilivyochapishwa kwa maandishi kwenye kifungashio ndivyo vya kusoma kwanza. Vikitofautiana na kumbukumbu ya kompyuta ya duka la dawa, amweleze mfamasia kabla ya kutumia dawa hiyo.