Siku za Rutuba

Katika vyumba vya mabati vya Kibera, na hali kadhalika katika ploti za Kawangware, ambako kalenda ya duka hutundikwa ukutani kando ya mtungi wa maji, si nadra kuona tarehe kadhaa zimezungushiwa wino mwekundu, na ukimwuliza mwenye chumba maana yake atakujibu kwa sauti ya chini kwamba hizo ni siku za hatari. Jina hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Kwani katika ploti moja ya Kawangware nilikuta majirani wawili, mmoja akizikimbia siku hizo kwa kuwa ana watoto wanne na mumewe ni mtu wa kibarua, na mwenziwe akizitafuta huu mwaka wa tatu asipate mtoto, na wote wawili wakiamini kuwa ni ile wiki inayofuata mara tu damu ikikatika.

Haikuwa lugha yetu iliyopungukiwa. Hedhi ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kumiminika, kama bonde linavyofurika maji; watu wa pwani, kwa adabu, walisema mwanamke yumo mwezini, na msichana aliyeiona mara ya kwanza wakasema amevunja ungo, wakamkabidhi kwa somo wake. Fiqhi ya Kishafii, ifuatwayo na Waislamu wengi wa nchi hii, iliiwekea hedhi mipaka, uchache wake usiku na mchana mmoja, ada yake siku sita au saba, na wingi wake siku kumi na tano. Walakini hesabu hiyo ni ya damu na tohara, wala haikukusudiwa kumwonyesha mtu yai.

Na yai ndilo kiini cha mambo. Chini ya ubongo ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya kunde, nayo huingiza katika damu homoni (neno lililoanza kutumiwa mwaka 1905 na Ernest Starling wa London, kutokana na Kiyunani chenye maana ya kuchochea) ili yai lipevuke ndani ya kifuko chake katika ovari. Kifuko hicho nacho hutoa estrojeni, inayoujenga upya utando wa mji wa mimba, na estrojeni ikizidi kiasi tezi hujibu kwa homoni nyingine kwa wingi wa ghafla, hata kifuko kikapasuka na yai likatoka. Kifuko kilichobaki hugeuka manjano, kikatoa projesteroni ya kuutuliza utando upokee mimba. Mimba isipotungwa kifuko hicho hunyauka baada ya wiki mbili hivi, projesteroni ikashuka, utando ukabomoka, na hapo ndipo damu hutoka. Basi hedhi, tunayoihesabu kuwa mwanzo, ni mwisho wa shughuli iliyokwisha pita.

Yai likitoka huishi siku moja tu, lakini mbegu ya mume huweza kungoja siku tano, kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama sita. Ogino wa Japani na Knaus wa Austria walibainisha katika miaka ya 1920 kwamba yai hutangulia hedhi ijayo kwa siku kama 14. Kinachorefuka au kufupika, aghalabu, ni ile sehemu ya kwanza. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14, mwenye siku 24 karibu na ya 10, na mwenye siku 35 karibu na ya 21, nayo mizunguko ya mwanamke mmoja hailingani kila mwezi, ndiyo sababu kalenda pekee si ngao ya kutegemewa.

Mimi nashikilia kwamba ziitwe siku za rutuba. Hatari humtisha anayetaka mtoto, wala haimwelekezi asiyemtaka; bali rutuba, ambayo mkulima huisifia ardhi yake, katika Kiarabu ni unyevu, na unyevu ndiyo dalili yenyewe, kwani siku hizo estrojeni huufanya ute wa mlango wa mji wa mimba kuwa mwepesi, mwangavu na wenye kuvutika, ili mbegu ipate njia.

Nilimweleza hayo yule jirani anayetafuta mtoto, ambaye huuza chapati na mayai asubuhi karibu na stegi. Alikuwa amevunja yai. Akashika ute wake kwa vidole viwili, akauvuta taratibu ukawa uzi usiokatika, akautazama hata mafuta yakaanza kufuka moshi kikaangoni.

“Hiki nakiona kila mwezi,” akasema. “Miaka hii yote nilidhani ni ugonjwa, nikanunua dawa.”