Utoaji wa Hewa Ukaa: Ulinganisho wa Nchi

Utoaji wa hewa ukaa ni kiasi cha gesi ya dioksidi kabonia kinachoingia angani kutokana na shughuli za binadamu, hasa uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, pamoja na utengenezaji wa saruji. Sehemu ya gesi hii hubaki angani kwa karne nyingi, ndiyo maana nchi hulinganishwa kwa utoaji wa sasa na wa zamani pia.

Ukadiriaji

Hewa ukaa ya nchi haipimwi kwenye kila bomba la moshi. Hukokotolewa kutokana na takwimu za nishati. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Uzito huu unazidi ule wa petroli yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Baadhi ya majedwali huhesabu kaboni pekee; tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa, hivyo msomaji hana budi kuangalia kipimo kabla ya kulinganisha.

Historia

Uingereza, iliyotangulia katika mapinduzi ya viwanda, ilitoa zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya viwandani duniani hadi katikati ya karne ya 19. Marekani iliipita kabla ya karne hiyo kwisha. Utoaji wa Urusi ulishuka sana baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991. China iliipita Marekani mnamo 2006, na sasa hutoa karibu theluthi moja ya tani bilioni 37 hivi zinazotolewa duniani kila mwaka. Uingereza, kwa upande wake, ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, Septemba 2024.

Vigezo vya ulinganisho

Kwa jumla ya mwaka, China inaongoza. Kwa limbikizo la tangu mwaka 1750, inaongoza Marekani, yenye takriban robo ya hewa ukaa yote. Kwa wastani wa kila mtu, Qatar na majirani zake wa Ghuba wako juu kabisa. Mmarekani mmoja hutoa wastani wa tani 14 hivi kwa mwaka, Mchina takriban 8, Mhindi 2. Mtanzania hafikishi hata nusu tani: anachotoa kwa mwaka mzima, Mmarekani hukitoa kwa wiki moja au mbili. Bara zima la Afrika hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia.

Hesabu za kawaida huiandikia hewa ukaa nchi yenye kiwanda, si nchi inayotumia bidhaa. Safari za kimataifa za meli na ndege huhesabiwa kando, na ukataji wa misitu mara nyingi huachwa nje.

Umuhimu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi unatambua kwamba wajibu ni wa wote, lakini haulingani. Jedwali linaloonyesha jumla ya mwaka mmoja pekee huficha ukweli huo. Ulinganisho wa haki huweka pamoja jumla, wastani wa kila mtu na limbikizo la kihistoria.